Tuta Katikati ya Hori

Mtu mmoja alikuwa na hori, na hori lile lilikuwa na mdomo na tumbo. Mdomo ulikuwa wake. Tumbo lilikuwa la mdogo wake. Ndivyo baba yao alivyowagawia kabla hajafa: Ngwali, mkubwa, achukue upande wa nje, pale mkono wa bahari unapoingia nchi kavu, Mbaruku, mdogo, achukue upande wa ndani, pale mkono ule unapoishia katika tope na mikoko. Kila mmoja alipewa miti yake. Maji hayakugawiwa, kwa sababu baba yao hakuona yatagawika vipi. Yaliingia kwa Ngwali, yakapita, yakamfikia Mbaruku, yakatulia kwake kidogo, kisha yakarudi kwa njia ile ile kwenda zao baharini.

Ngwali hakuwa maskini. Nalisema hili mapema asije mtu akamwonea huruma isiyokuwa yake. Alikuwa na nyumba ya mawe, kisima cha maji baridi, bonde la mpunga, na mkewe Mize, mwanamke mchapakazi mwenye ulimi usiokopesha. Mikoko mikubwa ilisimama mbele ya nyumba yake ikiyakata mawimbi nguvu. Bila ile mikoko bahari ingekwisha kuingia uani, ikamharibia kisima na bonde, naye angekuwa mtu wa kuomba hifadhi kwa jamaa. Alilijua hilo. Aliurithi ukingo mzima, akalala chini ya ulinzi wake, akala samaki wake, na bado usingizi haukumjia vizuri.

Macho hayana pazia. Ya Ngwali yalikuwa kwa mdogo wake. Huko ndani kulikuwa na utulivu, tope laini, kivuli kizito. Kaa walinona. Kamba wachanga walijificha kwenye mizizi mpaka wakakomaa. Michu, ile mikoko ya upande wa ndani, ilipotoa maua nyuki walikuja wenyewe, na Mbaruku alirina asali ambayo watu waliisifia hata kwenye harusi za mbali. Mbaruku hakuwa mtu wa kujigamba. Hilo nalo lilimuudhi kaka yake, maana mtu asiyejigamba hakupi hata sababu ya kumchukia. Siku moja mgeni alifika kijijini, wakamwelekeza nyumba ya Ngwali, wakasema, "Pale, kwa kaka yake Mbaruku." Kaka yake Mbaruku! Yeye aliyezaliwa kwanza, aliyembeba Mbaruku mgongoni, leo anatambulishwa kwa jina la mdogo wake kama mkia unavyotambulishwa kwa ng'ombe. Jioni ile Mize aliandaa kaa waliotoka kwa shemeji yake. Ngwali alisukuma sahani, akasema tumbo linamsumbua.

Basi siku moja ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, alikuwa amesimama mpakani akaziona mbegu za mikoko yake, zile ndefu za kijani, zikidondoka majini, zikaelea, zikakata kona kuelekea kwa Mbaruku. "Mti wangu," alisema moyoni, "mbegu yangu, na mche ukaote kwake?" Alizifuata kwa macho mpaka ya mwisho ilipopotea. Hakusubiri maji yageuke. Laiti angesubiri angeyaona majani ya Mbaruku yakirudi yameoza vizuri, na samaki wake mwenyewe wakiyafuata na kuyala. Mwenye wivu huhesabu kinachotoka tu. Aliondoka pale na shauri limekwisha kukatwa.

Katika nchi ile kulikuwa na ada ya tuta. Maji chumvi ni adui wa mpunga, kwa hiyo mtu akipiga mbiu kwamba anajenga tuta la kulinda bonde lake, kijiji kizima hutoka msaragambo, na hakuna anayeuliza maswali. Tena tuta la mtu haliguswi kwa jembe la mwingine, hata likikaa vibaya vipi, kwa kuwa zamani jirani mmoja alilitoboa la mwenzake kwa hasira, na chumvi ikaunguza mpunga wa bonde zima. Tangu hapo ikawa sharti: anayelivunja tuta ni yule aliyelijenga, naye hana budi awaite watu tena, asimame mbele yao na aseme kwa nini.

Ngwali alipiga mbiu. Alisema chumvi imeanza kupanda bondeni kwake, anataka tuta litoke bondeni, livuke hori mpakani, likaegemee kichuguu cha ng'ambo ya pili. "Katikati tutaacha pengo," aliwaambia, "maji ya mdogo wangu yapite kama kawaida." Watu wakatoka na majembe, wanawake na mapakacha. Wakachimba tope, wakalitwika, wakalipanga juu ya magogo, wakalikanyaga likashikana. Na aliyetangulia kufika, aliyevua shati akaingia kiunoni katika tope, aliyetwika pakacha kichwani mpaka shingo ikamuuma, alikuwa Mbaruku. Ngwali alimtazama akipita na mzigo, akamwambia, "Ahsante, mdogo wangu." Alilisema kwa sauti nzuri kabisa. Mnalisikia neno hilo? Kuna ahsante nyingine zina miba.

Yakafika maji mafu, zile siku bahari haina nguvu ya kujaa wala ya kupwa. Ngwali akashuka peke yake na jembe akaliziba pengo.

Mbaruku alikuja kabla tope halijakauka. "Kaka," alisema, "pengo limeziba."

"Maji yalikuwa yanalila tuta," Ngwali akajibu. "Subiri kidogo likauke, tutalifungua."

Hiyo subiri kidogo ilichukua kiangazi chote, ikala na masika. Mbaruku alirudi kuuliza mara kwa mara, na kila mara aliambiwa asubiri, na kwa kuwa tuta la mtu haliguswi, akasubiri. Upande wake tope lilikauka likapasuka. Chumvi ikachomoza juu ya ardhi nyeupe kama unga. Kaa wakafukia mashimo yao, kisha wakahama. Mvua zilipokuja maji yake hayakuwa na pa kutokea, yakatuama juu ya ile mizizi midogo ya michu inayochomoza topeni kuvuta hewa. Mti ule hupumua kwa mizizi, na mizizi ikifunikwa siku nyingi mti hukosa pumzi, kama mtu aliyezamishwa kichwa. Majani yakageuka manjano. Nyuki wakaondoka. Mbaruku akawa anakwenda kuvua mbali, kwenye mwamba wa watu wengine, akirudi na visamaki vya kumlisha paka.

Na Ngwali? Ngwali alinenepa. Nawaambia kweli, maana mfano unaoficha utamu wa dhambi ni mfano wa kitoto. Miezi ile ya mwanzo samaki waliingia na maji, wakagonga tuta, wakazungukazunguka hapo hapo wasijue pa kwenda, naye akawavua kama anayeokota maembe. Mbegu zake zilidondoka zikabaki kwake. Watu wakaanza kusema, "Samaki? Nenda kwa Ngwali." Alifanya hata jambo hili: alijaza pakacha samaki wakubwa akampelekea mdogo wake. Mbaruku alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na uso wake ulikuwa umekonda. Ngwali alirudi nyumbani akiimba. Lile pakacha lilimkolea utamu kuliko samaki wote aliowahi kula.

Mize alimsikia akiimba. "Ndugu yako anakauka, wewe unaimba," alisema.

"Nimemnyima nini? Si nimempelekea samaki?"

"Umempelekea samaki wake," Mize akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Masika yalipokuwa yanakwisha, mchanga ulitokea mdomoni mwa hori. Kwanza ulikuwa kifungu kidogo, wanasimama ndege. Ngwali hakujali. Kikakua, kikawa fungu. Wanawake wakavuka mdomo wa hori kwa miguu bila kupandisha kanga. Ngwali akacheka, akasema bahari inamjengea daraja. Kisha fungu likaunga huku na huku, na bahari ikawa inagonga mlango bila kuingia. Maji yaliyokuwa ndani yakabaki ndani. Yakawa ya kijani, yakawa meusi, yakanuka mayai viza mpaka madirisha ya nyumba ya mawe yakawa hayafunguliwi. Samaki wakaelea matumbo juu. Kaa wakapanda mashina ya miti, juu kabisa, kama watu wanaokimbia mafuriko. Ile mizizi ya mikoko yake iliyozoea kufunikwa na kufunuliwa kila siku ikafunikwa moja kwa moja. Majani ya ncha yakaanza manjano.

Aliijua rangi ile. Alikuwa ameitazama kwa raha ng'ambo ya tuta kiangazi kizima, na sasa ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yake. Miti ile ikifa, upepo wa kusi ukianza kuvuma, bahari itarukia lile fungu la mchanga, na hakutakuwa na kitu cha kuizuia isifike kisimani. Ngwali aliogopa. Na mwenye wivu akiogopa hamtafuti mkosaji mbali.

"Nimepigwa jicho," alimwambia mkewe. "Hii ni husuda. Mbaruku amekwenda kwa waganga."

Mize aliweka chini alichokuwa amekishika, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Husuda! Katika hori hili! Haya bwana, mtafute huyo hasidi. Hatakuwa mbali."

Ngwali alikasirika, akachukua jembe na wakwe zake wawili, akaenda kulichimba fungu. Walichimba kutwa, wakatoboa mfereji, maji meusi yakaanza kuchuruzika. Bahari ilipojaa ikaurudisha mchanga wote, na wa nyongeza. Wakachimba tena. Bahari ikarudisha tena. Wakwe wakachoka, mmoja akasema ana maumivu ya mgongo, mwingine hakusema kitu, hakuja tu. Ngwali akabaki na jembe lake, viganja vimetoka malengelenge, anachimba asubuhi kilichorudishwa mchana. Watu walipita wakampa pole. Hakuna pole inayouma kama ya mtu anayejua.

Siku ya bamvua alikaa juu ya fungu, hoi, miguu ndani ya mfereji wake, akayatazama maji yakitoka horini. Yalitoka kama yanayomiminwa kwenye birika. Ndipo akakumbuka yalivyokuwa yakitoka zamani. Enzi za baba yao maji yakipwa siku za bamvua mdomo ule ulinguruma. Mtumbwi usiofungwa vizuri ulichukuliwa, na wao walipokuwa wadogo walikatazwa kuoga hapo. Nguvu ile ilitoka wapi? Si kwake. Upande wake ulikuwa mfupi, ungemwaga maji yake kwa muda wa mtu kunawa uso. Nguvu ile ilitoka kule ndani, kwenye lile tumbo pana la Mbaruku, lililokuwa likishiba maji na kuyaachia yote kwa pamoja yapite kwake, yabebe kila punje ya mchanga iliyoletwa na bahari na kuitupa nje. Kila siku ya maisha yake mdogo wake alikuwa akimfagilia mlango, na hakuna aliyejua, hata mfagiaji mwenyewe.

Msidhani alifurahi kuijua kweli. Iliingia kama mwiba. Akatafuta njia ya kupitia pembeni: ashuke alfajiri, atoboe tuta kidogo, aseme limebomoka lenyewe. Akamwambia Mize.

"Ulilijenga mchana mbele ya watu," Mize akasema. "Ukilivunja kwa kificho, nitasema mimi."

Akapiga mbiu. Nawaambia, mtu aliyepiga mbiu ile hakuwa na sauti. Watu wakaja na majembe na mapakacha, wakidhani kuna sehemu ya kuongeza. Mbaruku akaja pia, amekonda, kwa kuwa msaragambo wa tuta haukataliwi. Wakasimama juu ya tuta, kushoto mikoko imekauka, kulia mikoko inakauka. Mtu mmoja akauliza panapotakiwa tope. Ngwali akamtazama mdogo wake. Alikuwa amejiandalia maneno mengi yenye chumvi na maji na bahati mbaya, na yote yakamkimbia.

"Tuta hili halikuwa la mpunga, Mbaruku," alisema. "Lilikuwa lako wewe."

Mwanamke mmoja akasema, "Subhanallah," akalitua pakacha lake. Mbaruku akatazama tope lililokuwa chini ya miguu yake kwa muda mrefu. Walio karibu walirudi nyuma, maana alikuwa na jembe.

"Nililitwika mimi kwa kichwa changu," alisema mwisho. Hakusema "kaka." Akashuka hadi lilipokuwa pengo, akapiga jembe la kwanza kama anayempiga nyoka, kisha la pili, na wengine wote wakamfuata. Ngwali akaingia ndani ya tope karibu naye, kiunoni, akachimba. Hawakutazamana. Mbaruku hakula nyumbani kwa kaka yake mwaka ule wote, na mnaotaka ndugu wakumbatiane katika mwisho wa mifano mtanisamehe.

Pengo lilipofunguka bahari haikufanya haraka. Maji meusi yalitangulia kwenda ndani, mabaya yakachanganyika na mabaya. Lakini ilikuja bamvua moja na nyingine, bahari ikapenya juu ya fungu, maji ya ndani yakapata uzito, yakarudi kwa kishindo, yakalila fungu la mchanga kutoka upande wa ndani, ambako jembe la Ngwali halikuwahi kufika. Mlango ukafunguka. Bahari ikaingia, safi, na tope likaanza tena kupata hewa. Miti iliyokufa haikufufuka. Ilisimama mikavu, wakaikata kuni. Ile iliyokuwa na pumzi kidogo ilipona. Na mbegu zikaja, nyingine kutoka kwenye mikoko iliyobaki, nyingine kutoka mahori ya watu wasiowajua, zikaletwa na maji, zikajichomeka topeni pale zilipopenda. Hakuna aliyezipanda.

Zilipenda wapi kwanza? Kwa Mbaruku. Huko ndani kulikuwa na utulivu, mche haung'olewi na wimbi. Kwa Ngwali ziling'oka, zikajaribu tena, zikang'oka. Kukawa kijani kibichi kwa mdogo, na kwa mkubwa vijiti viwili vitatu vinatingishika. Ngwali alifika siku moja mpakani akayaona hayo, na wivu ukaja. Ndiyo, ulikuja! Mlifikiri wivu hufa mtu akishakiri mara moja? Ulikuja na maneno yake yale yale, ukakaa kifuani mahali pake pale pale, na mabega ya tuta lililovunjwa yalikuwa bado yamesimama huku na huku, na tope halikuwa mbali, na maji yalikuwa mafu, na hakukuwa na mtu.

Akalishika jembe. Akasimama kitambo, jasho linamtoka mtu ambaye hajafanya kazi bado. Kisha akashuka, akalipiga bega la tuta upande wake, akalibomoa, akazidi kulipanua pengo, anachimba na kulia kwa hasira, kwa ajili ya mtu ambaye bado hakumpenda, mpaka maji yakapata njia pana kuliko ile aliyoiacha baba yao.

Haya, sikilizeni. Miongoni mwenu wamo ambao mlango umekwisha kuwazibia, na kila asubuhi mnachukua jembe kwenda kuchimba mchanga baharini. Nani kati yenu atageuka leo, arudi ndani, akasimame mbele ya nduguye na kumwambia tuta lile lilikuwa la nani?